Jicho Lililogeuka Kahawia

Niseme mapema kabisa: nina hasira, na mtu asiniambie nipoe. Nimeambiwa nipoe tangu utotoni. Nikapoa, nikameza, nikanyamaza, na mdogo wangu akawa anapofuka sebuleni kwetu huku watu wazima wamekaa wanakunywa chai na kufurahi. Kwa hiyo leo naongea, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na mashuka katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga mimi na Mama. Mdogo wangu, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mama, ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, ana karakana yake nyuma ya duka la mbao, si mbali na kwetu. Watu wanamwita Paka. Wateja wanamwita Fundi Paka, na yeye mwenyewe aliandika hivyo kwenye bati la mlangoni, kwa rangi nyekundu. Jina hilo alilipata utotoni kwa sababu ya macho yake. Nyumbani sote tuna macho ya kahawia iliyokolea mpaka ukiyatazama unasema ni meusi. Yeye alizaliwa na macho ya kijivu yenye kijani kidogo. Ngozi ni yangu hii hii, pua ni ya Baba, masikio yaliyosimama ni ya Baba, hata kidole gumba cha mguu kimepinda kama cha Baba. Lakini nani aliangalia kidole cha mguu? Waliangalia macho tu.

Baba alimtazama mtoto, akamwita dada yake. Shangazi akaja, akamfunua mtoto kope kama mtu anayekagua samaki sokoni asije akauziwa aliyeoza, akasema, "Macho haya kwetu hayapo." Basi, kesi ikaisha. Hakuna shahidi, hakuna swali. Baba akafunga virago, akamwachia Mama maneno ambayo sitayarudia, na mtaa mzima ukajua kwamba Mama alitoka nje ya ndoa. Alitoka na nani? Walimtafuta mwanamume mwenye macho ya kijivu kila kona wakamkosa, lakini hilo halikuwafunga midomo.

Na mimi, kwa kuwa macho yangu ni meusi, nikabaki mtoto halali. Baba alinitumia sare za shule, viatu, sweta. Mdogo wangu hakutumiwa hata soksi. Tumetoka tumbo moja, tunalala kitanda kimoja, halafu mfuko unafika mlangoni una vitu vya mtu mmoja. Nilianza kushona kwa sababu hiyo hiyo. Nilichukua sketi yangu mpya nikaikata nikamshonea kaptura. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, naye akaivaa akazunguka nayo mtaani kifua mbele. Mama alinichapa kwa kuharibu sketi, kisha akakaa jikoni akalia.

Hayo ni ya zamani. Twende kwenye jicho.

Mwaka jana alikuwa karakanani anakata bawaba iliyogandamana, kwa nyundo na tindo. Kitu kikaruka kikamchoma jicho la kulia. Miwani ya kazi ilikuwa imetundikwa msumarini, kama kawaida yake. Kwa hilo nimeshamtukana vya kutosha. Akaosha jicho kwa maji, likawa jekundu, likatoa machozi, akanunua dawa ya matone dukani, likatulia. Alinisimulia huku akicheka. Mafundi wa chuma huingiwa na vumbi machoni kila mara, kwao ni kama mimi kujichoma sindano. Tukasahau.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama alikuwa anammiminia chai, birika likasimama hewani.

"Hebu inua uso," akamwambia. Akainua. "Geukia dirishani." Akageuka.

Mama akaweka birika chini taratibu, akavuta kiti akakaa, akaziba mdomo kwa mkono. Nikaacha mashine nikaja kuangalia. Jicho la kushoto lilikuwa vilevile siku zote, kijivu. La kulia lilikuwa kahawia. Si kahawia kamili kama langu, lakini ukiwa mlangoni usingeona tofauti.

"Limegeuka," Mama akasema. "Mwanangu, jicho limegeuka. Limekuwa la baba yako."

Mimi nilisema, "Nenda hospitali." Nilisema siku hiyo hiyo, kabla chai haijapoa, na nilisema mbele yao wote wawili, wasije wakakana.

"Hospitali kufanya nini?" Mama akaruka. "Kwani anaumwa? Unaumwa wewe?"

"Siumwi," akajibu mdogo wangu.

"Umesikia? Haumwi. Jicho limekuwa jema lenyewe, wewe unataka daktari alichokonoe alirudishe lilivyokuwa! Una nini wewe?"

Namwelewa Mama, na kumwelewa hakunipunguzii hasira hata chembe. Huyu ni mwanamke aliyepita mtaani miaka yote ameinamisha kichwa. Wanawake wenzake walikuwa wakimwona sokoni wanakohoa. Alipomlea mtoto yule alimlaza chali, akawa anayachungulia macho yale kila asubuhi, akisubiri yatie rangi kama ya watoto wengine wanaozaliwa na macho mepesi yakakolea baadaye. Hayakukolea. Sasa mtoto ana ndevu, jicho moja linakolea, na Mama akaona hukumu yake imefutwa. Angekubali vipi aambiwe ni ugonjwa?

Akampigia Baba simu. Mama, ambaye hakuwahi kumpigia mtu huyo hata siku tulipokosa kodi, akapiga akasema, "Njoo uone mwenyewe kwa macho yako."

Akaja, na Shangazi nyuma yake. Mama alikuwa amedeki sebule mara mbili, amesukuma vitambaa vyangu vya kazi pembeni, amevaa gauni analolitunza. Mdogo wangu alikuwa amepiga pasi shati. Yule mtu ananyanyua geti la chuma peke yake, lakini siku ile alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, kama mtoto anayesubiri kunyolewa.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba," akanijibu bila kuniangalia. Alikuwa ameshawasha tochi ya simu. Akamshika mdogo wangu kidevu, akammulika, akarudi nyuma, akammulika tena. "Hili ni la kwetu," akatangaza. "Hili kabisa. Hili halina ubishi."

"Na hili jingine?" Baba akauliza.

"Hilo bado."

Baba akavuta pumzi, akamwekea mkono begani. "Mwanangu," akasema.

Nilimwona mdogo wangu usoni. Natamani nisingemwona. Mwanamume mzima, anajitahidi asilie mbele ya watu. Alikuwa na mchumba, na kila wakati wa kupanga harusi jambo lilikuwa likikwama mahali pamoja: nani atasimama kama baba? Baba naye alilijua hilo, maana Mama alishamweleza kila kitu kwenye simu. Akakohoa, akasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Basi, tusubiri. Jicho la pili likishageuka, mimi mwenyewe nitasimama kwenye harusi yako."

Likishageuka! Ebo! Damu ilinipanda kichwani.

"Kwa hiyo sasa hivi ni mtoto wako nusu?" nikamuuliza. "Upande wa kulia ni wako, wa kushoto tumtafutie mwenyewe?"

"Nyamaza wewe!" Mama akanikemea.

"Huyu binti mdomo umemrefuka," Baba akasema.

"Umerefuka kwa kukosa wa kuufupisha. Ulikuwa wapi?"

Mama akanifukuza jikoni nikaandae chai. Nikaandaa. Sikutia sukari hata punje, wakanywa hivyo hivyo, wakasifu.

Tangu siku hiyo Baba akawa anakuja, si mara nyingi, ila anakuja. Anafika karakanani, anamwambia mdogo wangu ageukie mwanga, anaangalia la kulia, anaangalia la kushoto, anatikisa kichwa, anaondoka. Mdogo wangu naye, kwenye mahesabu ya harusi yake, akawa anasubiri jicho. Siku moja nikapita pale nikakuta bati la mlangoni limepakwa upya. Paka ameondolewa. Limeandikwa jina la ukoo wa Baba, kwa herufi kubwa.

Nilimwambia, "Umelipaka mapema. La pili likigoma je?"

"Dada, na wewe," akasema, akacheka. Alikuwa na furaha mpaka nikaona haya kumharibia.

Sasa sikilizeni hili. Tangu nimiliki cherehani, mtu anayenitungia uzi kwenye sindano ni yeye. Alikuwa na macho makali, sijapata kuona. Mimi nahangaika na uzi, nalamba, napinda, yeye anapita tu mlangoni, anachomeka mara moja, anaendelea na safari. Jioni moja alikuja kula kwetu nikamwambia, "Nitungie uzi, nimechoka." Akainama. Uzi ukapita pembeni ya sindano. Akajaribu tena, ukapita mbele. Mara ya tatu akachoma hewa kabisa, mbali na sindano, akacheka kicheko cha uongo, akasema taa ya humu ndani mbovu.

Nikasimama, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Vidole vingapi?"

"Dada, acha utoto."

"Vingapi?"

"Vinne."

Sikuwa nimeinua kidole hata kimoja. Nilikuwa nimeshika mkasi.

Mama alikuwa uani anaanua nguo. Nikafunga mlango, nikamkalisha. "Tangu lini?"

"Muda."

"Halioni kabisa?"

"Linaona mwanga. Kama mtu yuko nyuma ya pazia zito." Akanishika mkono. "Usimwambie Mama. Ukimwambia mtanipeleka hospitali."

"Ndiyo, hospitali! Sasa unataka twende wapi, sinema?"

"Watalirudisha lilivyokuwa."

"Si lirudi! Lirudi lione!"

"Dada." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ameniita mwanangu. Wewe una baba tangu uzaliwe, huwezi kujua. Mimi nimempata juzi tu. Niache nisubiri la pili."

Jamani. Nilitaka kumpiga makofi, nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Mtu anakubali kupofuka jicho moja, na anaomba la pili nalo lifuate, ili mzee mmoja asiye na haya asimame ukumbini amevaa suti. Hasira niliyoisikia siku ile haijaniisha, na naona raha kusema kwamba haijaniisha.

"Sikiliza," nikamwambia. "Unakata chuma kwa mashine na jicho moja. Siku ikikukata mkono, baba yako atakuja kukagua rangi ya damu, si ndiyo? Kesho tunaenda. Usipoenda, namwita Mama sasa hivi."

Akakubali shingo upande.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi, sauti imechoka, haongei zaidi ya inavyotakiwa. Alimkalisha mdogo wangu mbele ya mashine, akamwangalia muda mrefu. Kile kitundu cheusi katikati ya jicho la kushoto kilisinyaa mwanga ulipopiga. Cha kulia kilibaki wazi vilevile, kama hakijaambiwa kitu.

"Unafanya kazi gani?" akauliza.

"Fundi chuma."

"Umewahi kupigwa na kitu kwenye jicho hili?"

Mdogo wangu akaniangalia, mimi nikamwangalia. Tukapelekwa kupigwa picha. Picha ikarudi na alama nyeupe ndani kabisa ya jicho, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Hicho ni chuma," daktari akasema. "Kiliingia, kikakaa. Na chuma kikikaa ndani ya jicho kinashika kutu kama kinavyoshika nje. Kutu inaenea, inakula sehemu zinazoona. Hii rangi ya kahawia mliyoniambia imeanza yenyewe ni hiyo kutu."

"Si ya Baba?" mdogo wangu akauliza.

Daktari hakuelewa. Ikabidi mimi nimweleze, kuanzia kuzaliwa kwake, Shangazi na kope, virago, mpaka tochi ya simu. Nilieleza kwa sauti ya juu, watu wa kwenye benchi nje wakawa wananyoosha shingo. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti karibu.

"Lile duara la jicho lenye rangi," akamwambia mdogo wangu, "lina weusi ule ule ulio kwenye ngozi na nywele zako. Kwa watu wengi upo mwingi pale, ndiyo maana macho ni kahawia. Kwa wengine upo kidogo. Ukiwa kidogo, mwanga unaingia unatawanyika, ukirudi nje unaonekana kijivu, au kijani, au bluu. Hakuna jicho lililotiwa bluu ndani. Ni kama mbingu, hakuna aliyeipaka rangi. Wewe weusi wako kwenye ngozi uko mwingi, kwenye macho ukawa kidogo. Inatokea."

"Kwa wazazi wenye macho meusi wote wawili?" nikauliza.

"Inatokea kabisa. Kila mmoja anaweza kuwa amekibeba kitu hicho bila kujua, kwake hakionekani, kwa mtoto kikajitokeza. Mara nyingi mtoto anakuwa amekichukua pande zote mbili. Lakini nisikilizeni vizuri: rangi ya macho haithibitishi mtu ni mtoto wa nani. Haimpi mtu baba, wala haimnyang'anyi."

Maneno machache namna hiyo! Maneno ambayo mtu angeweza kuyasema amesimama dirishani anasubiri kupewa chenji. Na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuuliza, Mama yangu amekoholewa sokoni maisha yake yote, na mdogo wangu amekulia ndani ya kaptura iliyotokana na sketi. Pande zote mbili, daktari alisema. Yaani huenda kile kile alichokikimbia Baba kilitoka mifupani mwake mwenyewe, na kile alichokirudia ni kutu ya bawaba.

"Kitolewe haraka," daktari akaendelea. "Siahidi kwamba utaona tena. Mmechelewa. Lakini kila siku kinapokaa, kinakula zaidi."

"Rangi itarudi kuwa kijivu?" mdogo wangu akauliza.

Daktari akamkazia macho. "Niulize kama utaona."

Hakuuliza. Alitoka nje, akasimama ukutani kwenye korido, akampigia Baba. Nilikuwa karibu, nikasikia upande wa pili ukinguruma kwenye simu: chuma gani, madaktari wa siku hizi, usikubali kitu chochote mpaka nije. "Sawa, Baba," mdogo wangu akasema. "Sawa. Nakusubiri."

Nami mjinga nikampa nafasi. Nikasema labda atakuja, labda akiiona ile picha atashtuka. Siku zikapita. Mdogo wangu anafungua karakana asubuhi, anakaa mlangoni anaangalia barabara, anafunga. Ukimpigia yule mzee anasema kesho. Kesho anasema gari. Kesho kutwa simu haipokelewi. Na kutu inakula. Nikawa nashona mapazia ya watu kombo, nikatoboa kitambaa cha mteja, nikaona hapana, huu ni wazimu. Nikamwambia Mama yote.

Nilimwambia jikoni, akiwa amesimama. Sikumpaka mafuta. Nikasema, "Mama, ile rangi si ya Baba. Ni chuma kimeoza ndani ya jicho. Mtoto haoni upande huo, na alikuwa anakuficha ili usiharibikiwe na furaha yako."

"Kutu?" akasema.

"Kutu."

Alishika meza. Nilidhani ataanguka nikamsogelea, akanisukuma. Hakulia, na Mama ni mtu wa kulia. Alivaa kanda mbili, akatoka bila mtandio, akapita katikati ya mtaa kichwa juu, mimi nyuma yake nakimbia. Alipofika karakanani akamkuta mdogo wangu amekaa mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia barabara.

"Simama," Mama akamwambia.

"Mama, Baba amesema anakuja."

"Baba yako nilimngoja mimi, najua anavyokuja. Simama, mwanangu." Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama, na safari hii nadhani alikuwa anaangalia jicho la kushoto. "Nilikupamba na ugonjwa. Nilikuvalisha ugonjwa nikawaita watu waje waone. Simama twende, usipoenda nitalala hapa mlangoni kwako mpaka watu wajae."

Akasimama. Nikafunga karakana mimi.

Operesheni ilichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Chuma kilitoka. Jicho likabaki mahali pake, ila kuona hakukurudi. Daktari alisema mdogo wangu anatofautisha mwanga na giza tu, na hapo ndipo patakapobaki. Alitukabidhi kile kipande ndani ya kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Kilikuwa cheusi chenye wekundu pembeni, kitu ambacho ningekifagia chini ya cherehani bila kukiona. Tukakiweka juu ya kabati dogo la kitandani, karibu na glasi ya maji.

Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, nani anaingia? Baba. Na Shangazi na mfuko wa machungwa. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mto, bandeji upande wa kulia. Aliposikia sauti alijiweka sawa, akavuta shuka, akajipangusa mdomo. Baada ya yote yale bado alijiweka sawa. Niliuma ulimi.

"Pole, mwanangu," Baba akasema. "Pole sana. Tulikwama."

"Ahsante, Baba. Shikamoo."

Bahati ikamleta daktari wakati huo huo, anapita kitanda kwa kitanda. Baba akamsimamisha, kwa heshima zote, kofia mkononi.

"Samahani, daktari. Mimi ndiye baba mzazi."

"Ndiyo, mzee. Jicho tumelinusuru. Ila kuona, kama nilivyowaeleza hawa, hapana. Nasikitika. Alichelewa mno."

"Naam, naam, nimekuelewa," Baba akasema, akitikisa kichwa. Akasogea karibu naye, akashusha sauti, lakini wodi ilikuwa kimya. "Sasa, daktari, mkiifungua hiyo bandeji. Rangi itakuwa imebaki?"

Daktari aliangalia kitanda, akaangalia Baba, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilishafungua mdomo, nina maneno ya miaka yote, nimeyapanga. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Alikuwa anamtazama mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ametulia. Akanyoosha mkono kwenye kabati, akapapasa, akakosa, akapapasa tena mpaka vidole vikakipata kichupa. Akakiweka kwenye kiganja cha Baba.

"Nini hiki?" Baba akauliza.

"Mwanao," mdogo wangu akasema. "Ndiye uliyekuwa unakuja kumwangalia, mzee. Kabaki na rangi yake yote. Mchukue uende naye."

Shangazi akaweka machungwa chini, akayaokota tena. Mama akaenda kuufungua mlango wa wodi, akausimamia ukiwa wazi mpaka wote wawili walipotoka.